Mwanangu, hilo shimo mnalotaka kwenda kulitazama

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi hapa hatujambo, ila joto limeanza mapema na feni ya sebuleni inazunguka kama inabembelezwa. Barua hii nampa mtoto wa jirani anayesafiri Jumamosi, pamoja na kifurushi. Usiseme mama si ungepiga simu. Kwenye simu unaniitikia "ndiyo mama, sawa mama" huku nasikia vidole vyako vinagonga kompyuta. Karatasi huwezi kuiitikia hivyo.

Nimeusikiliza ule ujumbe wako wa sauti mara tatu. Kwamba Desemba mtatoka Johannesburg kwa gari, wewe, mkeo na watoto, kilomita karibu 500 mpaka Kimberley, kwenda kutazama shimo la almasi. Na mimi nije twende wote. Nimekuelewa. Swali langu ni moja: huyo mtoto nani atamshika mkono?

Usicheke. Mjukuu wangu namjua. Ya pale Makumbusho ya Taifa sikukumbushi, jasho la siku ile bado ninalo mgongoni. Na pale kuna fuvu la Zinjanthropus na magari ya marais, hakuna pa kutumbukia. Huko mnampeleka kwenye shimo lenyewe.

Nilimwita kijana wa dada yako, yule wa kidato cha tatu, anisomee habari za hilo shimo kwenye simu yake, kwa sababu wewe ulituma picha na vile vikatuni vya kucheka, basi. Tulikaa barazani mpaka mbu wakatufukuza. Aliposoma kwamba mwanzo pale palikuwa na kilima nilimrudisha, nikadhani kakosea. Hakukosea. Kilikuwa kilima. Mwaka 1871 wakaanza kukichimba kwa sururu na makoleo, kilima kikaisha, wakaendelea kwenda chini, kwa mikono hivyo hivyo, mpaka mita 240. Mgodi ulikuja kufungwa 1914. Chukua jengo refu kuliko yote pale Posta, lisimamishe mle ndani, juu yake upange ghorofa kumi, bado paa halijachungulia nje.

Almasi walizotoa ni kilo 2,720. Hapo pia nilimrudisha asome tena. Mchele kilo mia najua unavyokaa kwenye gunia. Hayo ni magunia 27, stoo yetu haiyabebi. Leo chini kuna maji, ya kijani, na juu wameweka jukwaa la chuma lililotokeza, watu wanasimama kama wako hewani kuyachungulia. Hapo ndipo nataka umshike. Sisemi umwambie asikimbie, nasema umshike. Na usimshike kiganja, kiganja cha mtoto kikitoka jasho kinateleza. Shika hapa kwenye kifundo.

Halafu kuna njia ya chini waliyoitengeneza ifanane na mgodi wa zamani. Giza, na mkishaingia wanawapigia mlio wa baruti ili mshtuke. Watu wanalipa kiingilio washtuke, kisha wanatoka kunywa soda! Sina ugomvi na makumbusho ya watu, lakini humo mtoto asiingie. Au aingie na mama yake, wewe ubaki nje na mdogo wake. Hapana, wewe ndiye uingie naye. Mtajua wenyewe, ila mlio ukipigwa asiwe hana mtu wa kumng'ang'ania.

Unajua kwa nini nasema. Ya mwaka 1998 siyarudii, wala ile hitima, ulikuwepo, ulikaa miguuni pangu. Wala viatu vyako vyeusi vya shule sina haja ya kukuambia vilitoka wapi. Ila wewe ndiye uliyemfanya mtoto awe somo wa mjomba wako. Nilifurahi, sitasema uongo, nililia siku mbili. Lakini jina lile liliitwa mdomoni mwa shimo kule Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, wakaliita mpaka sauti zikawakauka, halikuitika. Leo unalipeleka kwenye shimo jingine, na gari mmeliwasha kwa furaha. Sikukatazi. Nasema lishike.

Kuna mahali kijana alitaka kupita harakaharaka, nikamwambia simama hapo hapo. Wanasimulia kwamba kilima kile kiligunduliwa na kundi la watafutaji waliovaa kofia nyekundu, mkuu wao Rawstorne. Lakini aliyeziokota hasa zile almasi za kwanza ni mtumishi wao, mpishi, anaitwa Damon. Mlevi. Walichoka naye, wakampeleka kilimani akachimbe huko, iwe adhabu yake. Akarudi na almasi. Wengine wanamwandika Esau Damoense.

Usiku mzima huyo Damon hakunitoka kichwani.

Wewe ulikuwa mdogo. Mjomba wako unamkumbuka kwa mwendo wake na zile pipi za kijiti. Humkumbuki Tandika, kijiweni, ananuka gongo saa nne asubuhi. Baba yako alivumilia kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mimi sikuumbwa hivyo. Siku ile nilisema maneno barazani na watu wanasikia, kwamba wenzake wako Mererani wanashika mawe, yeye anashika chupa. Aende, na mikono mitupu asirudi nayo kwangu. Nauli hakuwa nayo. Ile cherehani yangu ya mguu ambayo nyote mnajua iliibiwa, basi ujue tu kwamba haikuibiwa. Baba yako amekufa anamshuku kijana wa watu wa nyumba ya tatu, na mimi nilimwacha amshuku. Yule kijana siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi pale Rangi Tatu, kila nikienda ananipunguzia bei bila kuombwa. Misumari ya paa nimenunua kwake. Hili tusilizungumze kwenye simu.

Kuhusu paa: fundi amekuja, amepanda, ameshuka, anasema mabati sita ya upande wa jikoni hayafai. Mvua za vuli zikikaza nitapika na mwavuli. Mwalimu wako wa hesabu nilikutana naye sokoni, anakuulizia, nikamwambia yuko ofisini Johannesburg anahesabu fedha za watu. Alifurahi mno, akasema alijua tangu darasa la tano. Sikumwambia za mabati bado hujatuma. Mwezi wa tatu huu. Najua una mambo, ila uniambie una mambo, usikae kimya.

Nilikuwa nasema nini. Ile Idi mjomba wako aliyorudi. Alioga mara tatu, ndoo tatu nzima, maji tunanunua kwa dumu, na bado asubuhi shuka likawa na mtu mzima mweusi upande mmoja, bega, nyonga, mguu. Ni ile kinywe, vumbi la mwamba wenye tanzanaiti, laini kama masizi lakini linang'aa. Ilikuwa imemkaa masikioni, kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo. Nililisugua shuka kwa sabuni ya mche, likagoma. Nilimgombeza kwa ajili ya shuka. Alipoondoka nikalikata matambara ya kupigia deki.

Watu hapa wakisikia Mererani wanamtaja Laizer, yule mchimbaji. Mwaka 2020 alipouza yale mawe yake mawili kwa shilingi bilioni 7.7 mtaa mzima ulimhesabia fedha zake, mpaka wauza maandazi. Siku hizi kuna ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo, wanasema umesaidia mawe yasitoroshwe. Mimi nilipoonyeshwa huo ukuta kwenye televisheni nilijiuliza mjomba wako yuko upande gani. Shimo la ndugu yangu sijaliona mpaka leo, sijui hata ni kitalu gani, tajiri wa lile shimo hakuwahi kutia mguu kwetu wala kutuma mtu. Na ninyi mnalipa kiingilio kuona la watu wengine.

Basi mkifika, fanyeni mnayofanya, mkaone hizo almasi walizozifungia, mpande na tramu yao kama bado inatembea. Lakini utafute mahali walipoeleza kuhusu kambi. Kijana alinisomea: kuanzia miaka ya 1880 wachimbaji Waafrika walikuwa wanafungiwa ndani ya uzio, hawatoki mpaka mkataba uishe, na siku ya kutoka wanapekuliwa uchi, hata choo chao kinachunguzwa isije mtu kameza jiwe. Walikuja kutoka mbali, Lesotho, mpaka Msumbiji. Hao nao walikuwa na dada zao nyumbani. Angalia kama majina yao yameandikwa popote. Rhodes, tajiri wa migodi ile, najua atakuwa ameandikwa. Mwadui kwetu hivyo hivyo, ukiuliza utatajiwa Williamson, Mkanada, na mwaka 1940, na ile almasi ya waridi aliyopewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Aliyeinama kuokota humsikii. Ukiyaona majina, hata matano, piga picha, unitumie, na usiweke vikatuni.

Mtoto mwambie ukweli kiasi chake. Usimwambie usiku, mwambie mchana mkiwa mnakula. Ila jina lake na la mjomba wako kuwa moja usilitaje siku hiyo, liache kwa siku nyingine. Na kofia msisahau, Desemba huko nasikia jua linachoma kuliko letu na halina upepo wa bahari.

Mpangaji wa chumba cha uani amelipa nusu. Anasema nusu nyingine mwisho wa mwezi, hakusema mwezi gani. Dada yako presha imeshuka, anakusalimu, anasema hata yeye ana simu. Mpigie. Shangazi yako wa Temeke ndiye usipompigia kabisa utanitafutia maneno kwenye arusi ijayo.

Kwenye kifurushi kuna achari ya ndimu ya mkeo, nimeifunga mifuko mitatu, kama itanyang'anywa njiani haya. Doti moja ya kanga yake pia, aisome kabla hajaivaa. Ubuyu ni wa watoto, usiumalize wewe kwenye gari.

Mimi kusafiri ni habari nyingine. Magoti ndiyo haya, pasipoti imekwisha muda tangu mwaka jana, na nyumba siwezi kumwachia mpangaji wa nusu nusu. Jana lakini nilikuwa naelekea sokoni, nikapita kwa yule mpiga picha wa karibu na kituo, nikapiga zile ndogo. Amenitoa kama mtu katoka msibani. Kijana anasema fomu zinajazwa kwa mtandao, nimemwambia aanze kuzijaza, kuanza si kumaliza. Wewe ukipata muda niulizie lile jukwaa lina vyuma vya kushikilia pande zote mbili au upande mmoja. Kwa goti langu upande mmoja unatosha, ila uwe wa mkono wa kulia, maana huu wa kushoto nitakuwa nimemshika mtoto.

Mama yako