Barua ya wazi kwa Afisa wa Michezo wa Kaunti: tuletewe Lamu shindano la sataranji lililosajiliwa

Mheshimiwa, Assalaam alaikum.

Nafundisha watoto sataranji hapa Langoni, jioni wakitoka madrasa. Mwezi uliopita nilivuka na binti wa miaka 14 hadi Mokowe, tukapanda basi kwenda shindanoni Mombasa. Raundi ya nne alipangwa na mtu mzima mwenye alama karibu 1900, yaani kipimo rasmi cha uwezo wa mchezaji. Binti yetu hana alama kabisa.

Alibanwa tangu mwanzo. Saa tatu baadaye alibaki na mfalme na farasi; mwenzake ana askofu na askari wawili. Binti akamtoa farasi wake ale askari mmoja. Nyuma yangu watu wakaguna kwamba mtoto kajimaliza. Bwana yule akamla farasi upesi, kisha akatulia. Askari aliyebaki alikuwa wa ukingoni, na mraba wa mwisho, anapofika akageuka malkia, ni mweusi, ilhali askofu wake hutembea miraba myeupe tu. Mfalme wa binti alishajibanza pembeni, kwenye mraba huo mweusi. Hapo hatolewi, ukimzidishia kumbana, anakosa pa kwenda bila kushambuliwa, na hiyo ni sare. Walisogeza kete mara chache, bwana akanyoosha mkono.

Kwa hesabu ya Arpad Elo, mtunzi wa mfumo wa alama hizi, inayotumiwa na FIDE (shirikisho la sataranji duniani) tangu 1970, aliyezidiwa alama 400 hutarajiwa kupata chini ya pointi moja katika michezo 10. Yeye, kwa sare ile, alipata nusu pointi katika mmoja, kwa kujua alichofanya. (Mji wenye bao na dhumna kila baraza haukosi watoto waonao mbali.)

Lakini shindano lile halikusajiliwa FIDE. Sare ile imeandikwa kwenye karatasi yake ya hatua tu, kaikunja ndani ya daftari la Hisabati. Ili apate alama anahitaji angalau michezo 5 na wachezaji wenye alama, katika shindano lililosajiliwa kabla halijaanza. Kila safari ni boti, basi na malazi, na wazazi wengi hapa ni wavuvi.

Naomba shindano moja kama hilo Lamu kila mwaka: nauli ya mwamuzi mwenye leseni, na saa 10 za mezani za kupimia muda wa wachezaji. Meza na viti tutabeba wenyewe.

Darasa letu ni Jumatatu hadi Alhamisi, baada ya alasiri. Karibu, Mheshimiwa, ukae na binti huyo ubaoni.

Mwalimu wa sataranji,
Langoni, Lamu