Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania: Majina ya Waandishi Wetu Yapangwe kwa Desturi Yetu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA KUWEKA KANUNI NA DAFTARI LA TAIFA LA MAJINA YA WAANDISHI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Naandika nikiwa mkutubi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuorodhesha vitabu, yaani kufungua ukurasa wa jina wa kila kitabu kinachoingia na kuamua mwandishi wake aingizwe kwenye katalogi kwa jina lipi. Kitabu kikiwa kimetungwa na Mwingereza, uamuzi huo ni wa mara moja. Kikiwa cha Kiswahili, naweza kukaa nacho asubuhi nzima, na bado mwenzangu wa maktaba ya jirani akaamua kinyume changu, naye akawa na hoja yake. Ombi langu ni kwamba ofisi yako, ambayo kwa Sheria ya 1975 ilikabidhiwa huduma za maktaba nchini na ambayo ndiyo inayowapa wachapishaji wetu namba za ISBN, zile za kutambulisha kila kitabu, itoe kanuni moja ya kupanga majina ya waandishi wa Kitanzania, na ifungue daftari la majina hayo ambalo maktaba yoyote, ya hapa au ya ng'ambo, inaweza kulisoma na kulitumia bila malipo.

Naomba nianze na mtu mmoja, kwa sababu kwake tatizo lote linaonekana. Wasomaji wa riwaya wanamjua Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano iliyochapishwa 1980. Wasomaji wa uhakiki, hasa wale wanaofuatilia majarida ya Kiingereza, wanamjua Said A. M. Khamis, profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Bayreuth huko Ujerumani na kuandika makala kuhusu riwaya mpya ya Kiswahili na mashairi ya taarabu. Ni mtu yule yule. Kwa aliyekulia pwani hapana la kushangaza hapa: kwa desturi, jina la kwanza ni la mtu mwenyewe, la pili ni la baba, la tatu la babu, na la nne la babu wa juu yake, na kila mtu hukomea pale panapotosha ili ajulikane. Profesa hakubadili jina. Alisogea kizazi kimoja mbele. Lakini katalogi inayodhani kwamba neno la mwisho ndilo jina la ukoo inamkata vipande viwili, mtunzi akapelekwa kwenye M na mhakiki akapelekwa kwenye K, na kati yao hapana kinachowaunganisha. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya riwaya zake anaweza kuimaliza asijue kwamba mtunzi huyo ameandika kwa kirefu kuhusu nadharia ya riwaya, na mifumo inayohesabu mara ambazo kazi ya msomi imenukuliwa inawagawia watu wawili sifa ya mtu mmoja.

Hayuko peke yake. Mzanzibari mwenzake, mtunzi wa Kuli, hutajwa mara Adam Shafi Adam, mara Shafi Adam Shafi, mara Adam Shafi, kutegemea kitabu na toleo, na majina hayo matatu yanatoa vichwa vitatu vya katalogi ambavyo havikai vyote pamoja. Penina Muhando aliyetunga tamthilia katika miaka ya 1970 ndiye Penina Mlama wa maandishi ya kitaaluma yaliyofuata. Hapo sababu si jina la babu, bali matokeo ni yale yale. Na yupo Shaaban Robert, ambaye ningedhani angekuwa mtu wa mwisho kupotea maktaba. Robert ni jina la baba yake. Katika maktaba moja ambayo sitaitaja nimeona nakala mbili za Kusadikika zenye lebo mbili mgongoni: zote zina namba 896.392, inayotumiwa na mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada kwa fasihi ya Kiswahili, lakini chini ya namba moja imeandikwa ROB na nyingine SHA. Kwa kuwa rafu hupangwa kwa herufi hizo tatu, kitabu kimoja kilikaa karibu na mwanzo wa ubao na kingine ubao wa chini yake, na msomaji aliyekuja wakati nakala ya kwanza imeazimwa aliambiwa kwenye kaunta kwamba kitabu hakipo. Wanafunzi nao wanafuata mkumbo: katika marejeleo ya tasnifu nakutana na "Robert, S." na "Shaaban, R.", pengine ndani ya tasnifu moja.

Ni rahisi kuzitupia lawama kompyuta au wazungu. Historia ya kanuni hizi haikubaliani kabisa na lawama hiyo, na naomba uvumilivu wako niieleze kidogo, maana ndiyo inayofanya suala hili liwe la ofisi yako na si la mtu mwingine. Mwaka 1961 wakutubi wa nchi nyingi walikutana Paris wakakubaliana misingi ya uorodheshaji, na mmojawapo unasema kwamba jina la mwandishi lenye maneno kadhaa lipangwe, kadiri inavyowezekana, kwa desturi iliyokubalika katika nchi ambayo mwandishi ni raia wake, na hilo lisipowezekana, kwa desturi ya lugha anayoitumia. Hakuna aliyetulazimisha kuwa na majina ya ukoo. Kanuni za Waingereza na Wamarekani za 1978, zile tulizozisoma darasani kwa kifupi cha AACR2, zilipotekeleza msingi huo ziliweka vifungu vya pekee kwa majina ya Kiburma, ya Kihindi, ya Kiindonesia, ya Kimalei na ya Kithai, na pia kwa majina yaliyoandikwa asili yake kwa hati ya Kiarabu. Kifungu cha majina ya Kiswahili hakimo. Lugha zote za Kiafrika hazikupata kifungu hata kimoja.

Kifungu cha Wamalei nakiona kama kimeandikwa kwa ajili yetu. Kinaagiza jina lipangwe kwa neno la kwanza, yaani jina la mtu mwenyewe, isipokuwa ikijulikana kwamba mwenye jina analitumia neno jingine kama jina la ukoo. Ndiyo maana aliyekuwa Waziri Mkuu wa Malaysia anapatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Mahathir bin Mohamad, kwenye M ya Mahathir. Bin hiyo ndiyo hiyo hiyo yetu, na nadhani haihitaji mkalimani. Waaisilandi, ambao idadi yao haifiki laki nne, nao hupangwa kwa jina la kwanza: mwandishi wa riwaya za upelelezi Arnaldur Indriðason anawekwa kwenye A hata katika Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa sababu Indriðason maana yake ni mwana wa Indriði tu, na wakutubi wa kwao walilisema hilo wakasikilizwa. Sisi ambao lugha yetu inazungumzwa na mamilioni hatukusema. Kanuni inayouliza desturi ya nchi inahitaji mtu wa kuijibu, na anayetarajiwa kujibu ni taasisi ya taifa ya maktaba. Asipojibu, mkutubi wa London au Chicago anashika kanuni ya kawaida ya jina la mwisho, na mkutubi wa hapa, anayenakili rekodi kutoka huko ili kuokoa muda, anatuletea nyumbani jina la Mtanzania lililopangwa kigeni. Hilo la mwisho nalifanya mwenyewe karibu kila wiki, kwa sababu mzigo ni mkubwa na rekodi iliyokwisha kutengenezwa inavutia.

Najua hoja itakayotolewa na wataalamu wa habari wa siku hizi, nayo ni hoja nzito. Wanasema mjadala wa jina lipi litangulie umepitwa na wakati, kwa kuwa utafiti na utendaji umehama kutoka kwenye sura ya jina kwenda kwenye namba ya utambulisho. Tangu 2003 maktaba kubwa zimekuwa zikiunganisha mafaili yao ya majina katika VIAF, faili la pamoja la kimataifa la majina ya waandishi. Mwaka 2012 kilichapishwa kiwango cha kimataifa cha ISNI kinachompa kila mtunzi namba yake, na mwaka huo huo ORCID ilianza kuwapa watafiti namba ambazo wanajiandikisha wenyewe. Mtu akiwa na namba, majina yake kumi yote yanaweza kuning'inia hapo, na kila maktaba ikaonyesha lile inalolipenda. Nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Ila namba haijui kwamba Mohamed na Khamis ni mtu mmoja mpaka iambiwe. Programu zinazounganisha rekodi hutazama tarehe za kuzaliwa, majina ya vitabu yanayofanana, wachapishaji na waandishi wenza. Riwaya iliyotoka Nairobi na makala iliyotoka katika jarida la Marekani hazina hata kimoja cha hivyo cha kuzikutanisha, na rekodi nyingi za waandishi wetu hazina mwaka wa kuzaliwa. Pale taarifa zinapokuwa haba kiasi hicho, mashine ama hutenganisha mtu mmoja ama, baya zaidi, huwachanganya watu wawili. Watunzi wa Zanzibar Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed ni watatu tofauti, na wewe na mimi hatuwezi kuwakosea, lakini sioni ajabu programu ikiwakosea. Maarifa ya kuwatofautisha yapo kwa wakutubi, walimu wa fasihi na wachapishaji wa hapa; hayapo kwenye data.

Kazi yenyewe haihitaji mfumo mpya wa kununuliwa. Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand mwaka 2000, ina sehemu maalumu ya kuhifadhi majina: unatengeneza rekodi moja ya mtu, unaweka jina lililochaguliwa kwenye uwanja wa 100, yaani sehemu ya rekodi yenye namba hiyo, kisha kila sura nyingine ya jina hilo unaiingiza kwenye uwanja wa 400, na msomaji akiandika yoyote kati ya hizo anapelekwa kwenye vitabu vyote. Kinachokosekana ni watu wa kukaa na kuamua, na mamlaka ya kusema uamuzi huo ndio wa taifa. Kwa vitabu vipya mlango ni ISBN. Mchapishaji anapojaza fomu ya kuomba namba, fomu hiyo hiyo inaweza kumuuliza mwandishi jina gani analitaka litangulie, majina gani mengine amewahi kuandikia, na kama angependa mwaka wake wa kuzaliwa uwekwe wazi. Swali la mwisho liwe la hiari kweli kweli, kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwa sababu wapo wanaoandika kwa jina la kubuni wakiwa na sababu zao, na daftari la majina halipaswi kuwa njia ya kuwafichua.

Kwa vitabu vya zamani ningependekeza kuanza na rafu moja tu, hiyo ya 896.392, na kuwatumia wanafunzi wa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kilichoko Bagamoyo, ambacho kiko chini ya Bodi yako, wakati wa mafunzo yao kwa vitendo. Mwanafunzi aliyewahi kufuatilia mwandishi mmoja kutoka toleo hadi toleo, akapiga simu kwa mchapishaji na kusoma dibaji mpaka akathibitisha kwamba ni mtu yule yule, anajifunza uorodheshaji kuliko anavyoweza kujifunza kwa kukariri namba za nyanja. Wenzetu wa Zanzibar washirikishwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya majina yanayosumbua ni ya kwao, na Kenya isiachwe nje, maana Abdilatif Abdalla wa Mombasa anasomwa huku kama anavyosomwa kwao.

Kanuni yenyewe naiomba iwe na nafasi ya kupumua. Si kila Mtanzania anapangika kama Mmalei: Kezilahabi na Mulokozi wanajulikana kwa majina hayo ya mwisho, na kuwahamishia kwenye herufi za Euphrase na Mugyabuso ingekuwa kuwatafutia wasomaji usumbufu mpya. Kanuni iseme kwamba jina la kwanza linatangulia, ila pale mwenyewe au wasomaji wake wamelifanya jingine kuwa ndilo la kumtambulisha. Na isijaribu kusanifisha tahajia. Muhammed, Mohamed na Mohammed si makosa ya kuchapa ya neno moja; kila mmoja ameandika jina lake alivyotaka, na hilo si la maktaba kulirekebisha, wala la Baraza la Kiswahili.

Daftari likishakuwa na hata majina mia chache, liwekwe mtandaoni bila masharti ya hakimiliki, ili VIAF na Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni, walichukue na wale wanaonakili rekodi kutoka ng'ambo, nikiwemo mimi, tuyakute majina yetu yamepangwa tunavyoyaita. Nina orodha ya majina yaliyonitatiza kazini, kila moja na vitabu vyake na sura zake zote, na niko tayari kuikabidhi ofisini kwako siku yoyote utakayoelekeza, pamoja na maelezo ya jinsi nilivyoamua kila moja, ili walioamua tofauti wapate pa kunikosoa.

Nawasilisha.

Mkutubi mworodheshaji,
Dar es Salaam