Barua kwa Athmani kabla ya Bonn

Tudor, Mombasa

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto tu.

Habari ya kwamba wavuvi wenzako wamekuchagua uende Bonn mwezi wa sita, kwenye mazungumzo ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, nimeipata kwa mamako kabla yako. Hongera. Lakini usiende na bahari nzima. Najua unayo mengi: mikoko iliyokatwa, matumbawe yaliyopauka, kaskazi isiyoeleweka siku hizi inaanza lini. Kule kila mtu ana kilio chake, na mazungumzo yamegawanywa vyumba vyumba. Ukitaka kuyafuata yote utaishia kwenye foleni ya kahawa. Shika moja. Mimi ningeshika ule mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoendelea zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi.

Mfuko huo ulikubaliwa kwenye mkutano mkuu wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh 2022, ukazinduliwa Dubai 2023 kwa ahadi za kama dola milioni 700. Kwa dunia nzima, hizo ni pesa za chai. Mwaka uliofuata, Baku, likawekwa lengo la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, za kusaidia nchi zinazoendelea katika mambo ya tabianchi, na hasara na uharibifu haikutengewa fungu lake humo. Basi wewe uliza: mvuvi aliyevunjikiwa chombo, pesa hizo zitamfikia kwa njia gani?

Ukipewa rasimu, angalia mabano ya mraba. Yaliyomo ndani yake bado hayajakubaliwa. Aya moja yaweza kuwa na mabano ndani ya mabano, kila nchi imetia lake. Hakuna kura, ni maafikiano, kwa hiyo wachache wakikaza watu hukesha.

Nawe utaingia kama mtazamaji, si mjumbe wa serikali, na milango mingine utafungiwa. Watazamaji wana makundi tisa: wakulima wamo, vijana, wanawake, vyama vya wafanyakazi na wengineo. Wavuvi hawana lao! Tafuta mapema pa kujiegemeza, maana maikrofoni hupitia makundi hayo, na ukiipata ni kwa dakika chache.

Ndiyo maana nasema kazi yako iko Kenya, si Ujerumani. Nchi yetu huzungumza pamoja na kundi la Afrika, na pia G77 na China, yaani kundi la nchi zinazoendelea, na misimamo hupikwa kabla watu hawajapanda ndege. Mtafute ofisa wetu anayefuatilia mfuko huu. Ukimpata Nairobi mwezi wa nne, neno lako laweza kuingia. Ukimvizia koridoni Bonn, atakupa kadi na tabasamu. Usimpelekee hotuba, mpelekee lile daftari lenu la bandarini, lenye siku ambazo vyombo havikutoka kwa upepo na samaki walioshuka kila mwezi. Ukurasa mmoja uliopigwa chapa vizuri unatosha.

Viza ianze sasa. Na mwambie mamako aache kukutafutia koti zito Kongowea, Juni kule ni majira ya joto.

Mkutano mkuu wa 2027 utakuwa Addis Ababa, na huko natumai mtakwenda wengi. Kwa sasa njoo Jumamosi baada ya alasiri na hilo daftari, tuanze kuandika huo ukurasa. Usije bila miaka ya nyuma, hata kama karatasi zimeliwa na mchwa.

Nduguyo,
Salim