Swali la bibi wa kitanda cha dirishani

Tanga, 14 Juni 2025

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima, mvua zimetuachia matope mpaka mlangoni, lakini tunamshukuru Mungu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, kwanza kwenye daladala, halafu usiku nikiwa zamu. "Muuguzi mzima unasoma habari za uyoga wa kulevya?" ukaniuliza, na ukacheka. Sikukujibu kwa simu. Jambo hili ninalo moyoni tangu Februari na haliishi kwa dakika mbili, basi nimechukua karatasi.

Nianze na bibi mmoja wa Pangani. Aliletwa kwetu na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kufika mbali, analia kwa maumivu hata jina lake hawezi kulitaja. Tukamwanzishia mofini ya maji, kila baada ya saa nne, dozi ya usiku mara mbili ili apate usingizi. Siku ya tatu nikamkuta amekaa kitandani, kile cha dirishani, anasuka ukili. Laiti ungeviona vidole vyake, Rukia. Anazungumza na wewe, macho yameelekea usoni mwako, na huku chini miyaa inapishana yenyewe kama inajua njia. Mwanawe alimletea fungu jipya kila Ijumaa.

Mchana alikuwa hivyo. Usiku hakufumba jicho. Akaomba taa isizimwe. Siku moja kwenye saa nane za usiku nikaenda kumwekea mto vizuri, akanishika kiganja, akaniambia: "Maumivu mmeyaondoa, mwanangu. Hofu mmeiacha." Kisha akaniuliza, "Huko niendako, nitajijua kuwa ni mimi?"

Nilimwambia tunayoambiana siku zote. Aliitwa shehe akamsomea, akatulia mpaka magharibi, usiku ukaanza upya. Daktari akaandika diazepamu. Alilala, lakini kila alipoamka hofu ilikuwa inamsubiri palepale. Alifariki siku ya kumi na tisa, alfajiri, taa inawaka na macho yakiwa wazi. Mimi ndiye niliyeyafumba.

Mwaka wa tisa huu nimo kwenye tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyeponeka, na kwa maumivu ya mwili tuna chupa, tuna sirinji ya kupimia, tuna chati. Kwa hofu ile hatuna kitu. Ndiyo maana nilianza kusoma, na ndivyo nilivyofika kwenye uyoga.

Mwaka 2016 zilitolewa kwa pamoja ripoti mbili za majaribio, moja ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, nyingine ya Chuo Kikuu cha New York. Wagonjwa walikuwa wa saratani, 51 kule na 29 huku, watu waliozidiwa na huzuni na wasiwasi wa kufa, kama bibi yangu. Walipewa silosibini, kemikali iliyomo ndani ya uyoga ule. Kule Baltimore kila mgonjwa alipewa dozi kubwa siku moja, na siku nyingine, wiki kadhaa mbali, dozi ndogo mno isiyotarajiwa kufanya kitu, bila kuambiwa ipi ni ipi. Miezi sita baadaye takriban wanane kati ya kila kumi walikuwa bado wamepungukiwa na ile huzuni na ule wasiwasi. Dozi kubwa ni moja tu, Rukia. Mimi diazepamu yangu haivuki asubuhi.

Najua utakachosema, kwa hiyo nikitangulie. Watu 51 ni wachache. Karibu wote walikuwa Wazungu, na mtu ambaye yeye au nduguye wa damu aliwahi kuugua ugonjwa mkali wa akili hakupokelewa, kwa sababu dawa hizi zinaweza kumvuruga. Na kubwa kuliko yote, mgonjwa anajua. Ukimpa mtu kitu kinachomfanya aone rangi ndani ya giza, huwezi kumficha kwamba amepata dawa yenyewe. Nakubali yote hayo. Ila wewe ulinicheka kwa sababu ya neno "uyoga", hukunicheka kwa sababu ya idadi ya wagonjwa, na hapo ndipo uliponiuma.

Nisikilize, wewe ndiye unayekaa dirishani unawagawia waraibu wa heroini methadoni. Kliniki ya kwanza ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, si wewe uliyenisimulia jinsi majirani walivyosema mnawapa mateja unga wa serikali? Ulikasirika mpaka ukalia. Uliniambia, waje waangalie mtu aliyekuwa analala kwenye mtaro sasa anampeleka mtoto shule, halafu ndipo waseme. Mimi nakuomba kitu kilekile tu, uangalie halafu useme.

Tena ukiichunguza historia yenyewe utaona kwamba milango ya utafiti huu haikufungwa na sayansi peke yake. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani walizitumia silosibini na dawa za jamii yake, kama LSD, kwa utafiti. Wakati huohuo majasusi wa CIA wakawa wanawapa watu LSD bila kuwaambia, vijana nao wakazimeza hovyo mitaani. Ikaja sheria ya Marekani ya mwaka 1970, ukafuata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na utafiti karibu wote ukasimama kwa muda mrefu. Hofu ya wakubwa ilikuwa na sababu zake. Lakini aliyekuwa anafanya utafiti wake kwa haki alifungiwa mlango pamoja na mhuni.

Aliyekuja kuugonga tena, kwa adabu, ni Roland Griffiths wa hapo Johns Hopkins. Huyu hakuwa mtu wa maajabu. Miaka mingi alisoma dawa zinazowatia watu uraibu, na kahawa pia, jinsi mnywaji anavyoumwa kichwa akiikosa. Kisha akaanza kukaa kimya na kutafakari, akaona ndani yake jambo ambalo vipimo vyake havikuwa na jina lake, naye akakata shauri kuliuliza kwa njia anayoijua, yaani dozi, hojaji, watu wa kulinganisha. Mwaka 2006 akachapisha matokeo ya watu wazima wenye afya ambao hawakuwahi kuigusa dawa ile. Miezi miwili baada ya kuinywa, theluthi mbili yao walisema siku ile ni miongoni mwa mambo matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao. Wengine waliifananisha na kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza. Lakini ripoti hiyohiyo inasema pia kwamba baadhi yao walipatwa na hofu kali mle ndani, na hicho ndicho kilichonifanya nimwamini. Baadaye yeye mwenyewe akapatwa na saratani ya utumbo, akafariki Oktoba 2023.

Sasa nikupe kisa kilichonikosesha raha, kwa sababu sitaki udhani nimelewa sifa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, Walter Pahnke, daktari aliyekuwa anasomea shahada yake Harvard, aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia kwenye kanisa dogo la chini, pale Marsh Chapel ya Chuo Kikuu cha Boston. Ibada ilikuwa juu, akihubiri Howard Thurman, na sauti yake ilishushwa kwao kwa spika. Kumi walipewa silosibini, kumi wakapewa vitamini inayopasha ngozi joto ili nao wadhani wamepata. Walidanganyika kwa muda mfupi tu. Karibu wote waliopata silosibini walisema wamekutana na jambo takatifu, na jaribio likawa maarufu dunia nzima.

Ikapita karibu miaka 30. Mwaka 1991 Rick Doblin akatoa ripoti baada ya kuwatafuta wale wanafunzi na kuwahoji. Wengi wa waliopata silosibini bado walisema yale ya Ijumaa ile yalikuwa ya kweli na yamewajenga. Lakini akagundua pia kwamba mmoja alichanganyikiwa siku ile, ikabidi achomwe sindano ya klopromazini ili atulizwe. Klopromazini, Rukia, hiihii ya wodini kwetu! Na Pahnke hakuiandika kwenye ripoti yake.

Sindano ile nimeifikiria sana. Mimi nikisahau kuandika dozi moja ya mofini kwenye chati, zamu inayofuata inaweza kumzidishia mgonjwa. Pahnke, nadhani, aliona kitu kizuri kweli, akakipenda mno, akaogopa kwamba mtu mmoja aliyeumia atakiharibu. Matokeo yake wasomaji wote waliofuata walipewa picha pungufu, na waliokuwa wanatilia shaka wakapata haki ya kutilia shaka kila kitu. Namlaumu kwa hilo kuliko ninavyowalaumu waliofunga milango. Mtu anayeomba aaminiwe katika jambo geni inampasa aandike mabaya yake kwa kalamu nzito zaidi kuliko mwingine yeyote. Ndiyo sababu Agosti 2024, wakala wa dawa wa Marekani, FDA, ulipoikataa MDMA, dawa nyingine ya kulevya, kwa watu wenye majeraha ya nafsi na kutaka jaribio jingine, sikuhuzunika. Hayo nayo ni maswali ya haki.

Jambo jingine, na hili wenye majarida hulitaja kwa mstari mmoja. Chumba kile cha Baltimore kina kochi, mgonjwa analazwa, anafunikwa macho, anawekewa muziki masikioni, na watu wawili wanakaa naye kutwa, mikono karibu, asije akaogopa peke yake. Nani alitangulia kukesha na mgonjwa namna hii? Milimani Oaxaca, Mexico, kwenye mji wa Huautla de Jiménez, alikuwako mama wa Kimazateki jina lake María Sabina. Mgonjwa akija, mama huyu alikesha naye gizani, wakala uyoga, akaimba mpaka kuche. Uyoga aliuita watoto watakatifu. Usiku wa tarehe 29 Juni 1955 akaja mtu wa benki kutoka New York, Gordon Wasson, akamwambia ana wasiwasi na mwanawe aliye mbali. Naye akapokewa. Mei 1957 Wasson akaandika kisa kile katika gazeti la Life, na ingawa jina la mama alilibadilisha, wageni walimfikia. Wakajaa mpaka wenyeji wakamchukia mama, nyumba yake ikachomwa moto. Mwaka 1958 Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi, akaipata silosibini yenyewe kutoka kwenye uyoga uleule, na mwaka 1962 akasafiri kumpelekea María Sabina vidonge. Mama akavijaribu usiku, akakiri kwamba nguvu ni ileile. Fikiria unyoofu huo, shoga yangu. Angeweza kusema vidonge vya Mzungu ni takataka, nani angembishia? Naye alivipima kwa kipimo chake, akasema alichokiona. Alifariki mwaka 1985, maskini. Mwishoni alisikitika kwamba tangu wageni waje, watoto wale walipoteza nguvu zao.

Mimi kwangu yeye ni mtafiti kama wale wengine, na deni lake halijalipwa.

Sasa lile swali la bibi, nitajijua kuwa ni mimi. Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa silosibini kwa mshipa. Walitarajia ubongo uwake kila mahali. Kumbe damu ilipungua, hasa kwenye sehemu za katikati zinazofanya kazi tunapojiwaza wenyewe. Na wanaotumia dawa hizi husema mara nyingi kwamba yule "mimi" alilegea, akayeyuka, na bado kulikuwa na kujua. Sikwambii kwamba hilo limethibitisha lolote kuhusu huko aendako mtu. Akhera naiamini kwa dini yangu, siisubiri mashine. Ninachosema ni kwamba swali ambalo bibi aliniuliza saa nane za usiku ni swali halisi, wapo watu wanaoliuliza kwa vipimo, na mimi nililijibu kwa kumwekea mto.

Usiogope, sijaonja na siombi mtu aonje. Sheria yetu inakataza, na wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa ishirini haiwezi kukaa na mtu mmoja kutwa nzima. Wakileta dawa bila wale watu wawili wa kukaa kando ya kochi, bora wasilete. Lakini kukaa huko hakuhitaji kibali cha mtu. Tangu Machi nimeomba zamu zangu za usiku zipangwe ili kwenye saa nane niwe na nusu saa ya kiti. Sitoi mawaidha. Nakaa tu na yule ambaye hakulala.

Nakuomba mambo mawili. Nitafutie zile ripoti mbili za 2016 nzima, mimi moja nimeipata nusu, na uzisome kwa jicho lako la mfamasia, hasa pale walipopanga dozi. Penye makosa niandikie, usinionee haya. Pili, ukija Idi pita Pangani na mimi. Mwanawe bibi ananidai ziara, na ule ukili wa mwisho bado ninao kwenye droo ya wodini, haujafika hata pima moja, miyaa imening'inia mwishoni kama alivyoiacha. Nataka nimrudishie kwa mkono, na sipendi kwenda peke yangu.

Nisalimie shemeji. Mwambie kahawa aliyoahidi bado naisubiri.

Wako,
Mwanaidi