Barua ya wazi kwa wazazi mnaotafutia watoto shule

Wanangu,

Salamu nyingi. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, simu yangu haitulii: "Mwalimu, hii shule ina Division One tupu, tumpeleke?" Chini ya swali kuna picha ya bango lenye nyuso za watoto na asilimia zilizonona. Bango kalitengeneza mwenye shule. Lisomeni kama tangazo la sabuni.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti yake, bure. Fungueni ukurasa wa shule. Juu kuna jedwali dogo: wasichana, wavulana, jumla, Division I (daraja la juu kabisa) hadi 0 (waliofeli). Msiishie kwenye One, jumlisheni watahiniwa wote. Kisha rudini miaka miwili nyuma mtazame upimaji wa kidato cha pili wa shule hiyohiyo. Tuseme kidato cha pili walikuwa 90, cha nne wakabaki 55. Hao 35 wako wapi? Wapo waliohama kwa shida za kwao, wapo waliokariri darasa. Lakini zipo shule zinazochuja watoto ili bango lipendeze, na anayefuata kuchujwa anaweza kuwa wa kwenu. Mwulizeni mkuu wa shule ana kwa ana. Akianza kuwazungusha kwenye maabara, jibu mmeshapata.

Mimi naiheshimu zaidi sekondari ya kata inayopokea kila aliyechaguliwa na kuwavusha wengi, hata kama Division III ndizo nyingi, kuliko ile inayofanya usaili kwanza halafu inajisifu.

Kwenye mitaala mipya uvumi umezidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima miaka 10. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Kwa hiyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili. Anayewaambia mtoto "karushwa darasa" hajaisoma sera, nayo imeandikwa kwa Kiswahili. Itafuteni kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu. Mitaala iko kwa TET, Taasisi ya Elimu Tanzania.

Waraka ukiletwa WhatsApp, tazameni kumbukumbu namba, tarehe na sahihi, kisha mpelekeeni Afisa Elimu Kata aukague. Msiusambaze kabla hajawajibu.

Na shule ikijinadi kwa mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, ulizeni usajili wake kwa Mthibiti Ubora wa shule wa wilaya, halafu mwende kuiona karakana siku ya masomo, watoto wakiwa na vifaa mikononi. Jumamosi ya maonyesho msiende.

Ni mimi, mwalimu wenu mstaafu.