Malalamiko kuhusu ziara ya siku moja ya theluji na maji moto katika Milima ya Tatra

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA MORSKIE OKO NA MABWAWA YA MAJI MOTO, POLAND

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni abiria wa ziara mliyoiendesha kutoka Kraków Jumamosi ya pili ya Januari. Mlituuzia kutembea kwenye theluji hadi ziwa la Morskie Oko, kisha saa tatu katika mabwawa ya maji moto, vyote kwa siku moja. Baadhi yetu tunaishi Poland na tunaifahamu milima hiyo katika majira yote, ndiyo maana tunaandika kwa kina. Kosa si la hali ya hewa wala la dereva. Kosa ni la ratiba. Aliyeipanga hakuhesabu mwanga wa jua, hakutazama ziwa liko upande gani na mabwawa yako upande gani, wala hakujua baridi na maji moto vinaufanyia nini mwili vinapofuatana.

Tuanze na saa. Basi liliondoka Kraków saa mbili na nusu asubuhi. Barabara ya kwenda Zakopane, mji ulio chini ya milima hiyo, hujaa magari kila Jumamosi ya Januari, na handaki lililofunguliwa Novemba 2022 kati ya Lubień na Rabka limepunguza msongamano bila kuumaliza. Tulifika Palenica Białczańska, mahali magari yanapoishia, saa tano na dakika 20. Kutoka hapo hadi ziwani ni karibu kilomita 9 za kupanda, kutoka mita 984 hadi mita 1,395 juu ya usawa wa bahari. Mteremko si mkali, lakini juu ya theluji iliyoshindiliwa mtu wa kawaida hutumia saa mbili na nusu kupanda na saa mbili kushuka. Tulianza kutembea saa sita kasoro dakika 20, tukafika ziwani saa nane na dakika 10 mchana, tukapewa dakika 25, tukarudi chini saa kumi na dakika 35. Wakati huo wa mwaka jua la huko huzama karibu saa kumi alasiri, na ndani ya msitu wa misonobari giza hutangulia. Kilomita za mwisho zilitembewa kwa tochi za simu, na simu nyingi zilikuwa zimezimika kwa sababu betri hupoteza nguvu haraka kwenye baridi zisipowekwa mfuko wa ndani karibu na mwili. Taa ya kichwani kwa kila abiria ni kifaa cha lazima katika ziara hii. Ninyi hamkuwa na hata moja.

Kisha basi likatupeleka Chochołów, kwenye mabwawa ya maji moto. Hapa ndipo mtu yeyote anayeijua Podhale, yaani eneo lililo chini ya Milima ya Tatra, angeshika kichwa. Morskie Oko iko mashariki ya Zakopane, Chochołów iko magharibi. Kati yake kuna karibu kilomita 40 za barabara nyembamba, na katikati kuna mji wa Zakopane wenyewe siku ya Jumamosi jioni, saa ambayo watu wote wanatoka kuteleza kwenye theluji. Tulitumia saa moja na robo, tumekaa ndani ya basi na nguo zenye jasho. Ilhali Bukowina Tatrzańska, penye mabwawa ya maji moto ya aina ileile, ipo kilomita 17 hivi kutoka Palenica, tena ni njia ya kurudia Kraków.

Tulifika bwawani saa kumi na mbili na dakika 5 jioni, na saa moja kasoro dakika 5 tukaamriwa tuwe ndani ya basi. Dakika 50 kwa tiketi ya saa tatu. Tena dakika hizo hazikuwa za majini. Bangili ya kielektroniki huanza kuhesabu unapopita kizuizi cha mlangoni na huacha unapotoka, kwa hiyo kupanga foleni ya makabati, kubadili nguo, kuoga kabla ya kuingia, kuoga tena na kuvaa matabaka yote ya baridi, vyote viko ndani ya hesabu. Ukiondoa hayo, waliokuwa wepesi walikaa majini robo saa. Kina mama wawili waliokuwa na watoto hawakuingia kabisa.

Mlituambia sababu ni saa za dereva. Ni kweli kwamba Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inamtaka dereva wa basi apumzike kwa kawaida saa 11 mfululizo ndani ya saa 24, kwa hiyo aliyeanza kazi saa mbili asubuhi anatakiwa awe amemaliza saa tatu usiku. Lakini kanuni hiyohiyo inaruhusu mapumziko yagawanywe mara mbili: kwanza yasiyopungua saa 3, kisha yasiyopungua saa 9, na siku ya kazi ikafika saa 15. Basi lilisimama Palenica zaidi ya saa tano. Dereva angeachwa huru kwa saa tatu, tungekuwa na saa mbili zaidi za jioni. Mlimwagiza asiondoke garini kwa sababu mizigo yetu ilikuwa ndani, na muda wa kulinda gari hauhesabiwi kuwa mapumziko. Hatuna neno na dereva. Alifanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa kwenye barabara yenye barafu.

Suala la pili ni usalama wa njiani, na hili ndilo lililotufanya tusikubali kunyamaza. Tangazo lenu lilisema "mwongozaji wa mlima". Aliyekuja alikuwa mtembeza wageni wa mjini Kraków, kijana mwenye adabu, lakini asiye na mafunzo ya mlima. Asubuhi ile kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji kilichotangazwa na kikosi cha uokoaji cha TOPR kilikuwa cha 3 kati ya 5. Yeye hakuwa amekisoma. Barabara ya Morskie Oko inaonekana salama kwa sababu ni pana na ina lami chini yake, lakini karibu na mwisho inakatiza chini ya makorongo, mojawapo ni Żleb Żandarmerii, ambako theluji hushuka kutoka juu mpaka barabarani. Sehemu kama hiyo hupitwa bila kusimama, watu wakiachiana nafasi. Kundi letu lilisimamishwa hapohapo kupiga picha.

Ziwani likafuata kosa jingine: abiria waliruhusiwa kutembea juu ya barafu. Morskie Oko ina kina cha takriban mita 50. Barafu yake hailingani unene; mahali kijito cha Rybi Potok kinapotoka, karibu kabisa na nyumba ya wageni, maji yanatembea na barafu hubaki nyembamba. Theluji inayoifunika huizuia isikomae na huficha nyufa. Mgeni kutoka Temeke au Tanga hawezi kulijua hilo kwa kutazama, na ndiyo sababu analipia mwongozaji.

Namba za uokoaji hazikutajwa hata mara moja ndani ya basi. Tunaziandika hapa ili ziingie kwenye karatasi zenu: 601 100 300 au 985 kwa waokoaji wa milimani, na 112 kwa dharura zote.

Vifaa navyo. Tulipewa mipira yenye misumari midogo ya chuma, ile ya kuvalia kwenye njia za waenda kwa miguu mjini. Kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri mpira huo hukakamaa na kuvuka kiatuni, na misumari haina urefu wa kuuma barafu. Kinachotakiwa ni kile Wapoland wanachokiita raczki: mkanda wa mpira mzito wenye minyororo na meno ya chuma ya urefu wa sentimita moja au zaidi kidogo, chini ya kisigino na chini ya sehemu pana ya mbele ya unyayo. Kipimo chake hufuata ukubwa wa nje wa buti, si namba ya kiatu cha kawaida. Wenye buti nene waongeze saizi moja. Baada ya dakika kumi za kutembea kundi lisimame kila mtu akaze upya, maana minyororo hulegea mwanzoni. Joto likikaribia sifuri, theluji hujishika chini ya meno ikawa bonge, na mtu huteleza kana kwamba hajavaa kitu. Hapo hugongwagongwa kwa fimbo ya kutembelea kila hatua kadhaa. Abiria wawili walianguka wakati wa kushuka, mmoja akateguka kifundo cha mkono. Kwenye barafu watu huanguka zaidi wakishuka, na zaidi wakiwa wamechoka na hawaoni.

Kuhusu nguo, orodha yenu ilisema tu "vaeni nguo nzito". Watu wakavaa fulana na suruali za jinzi, zote za pamba. Pamba hunywa jasho na haikauki, na nyuzi 8 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili huzihisi kama nyuzi 17 chini ya sifuri. Tabaka la ndani liwe la sufu au la kitambaa cha michezo, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha upepo, na nguo kavu za kubadili zibaki ndani ya basi.

Sasa maji moto, ambayo kwenu yalikuwa kama nyongeza tu ya kumalizia siku. Maji ya Podhale hutoka visima vya kilomita mbili, tatu na zaidi kwenda chini, mengine yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80, kisha hupozwa. Mabwawa mengi huwa kati ya nyuzi 28 na 38. Mtu aliyetembea kilomita 18 kwenye baridi amepungukiwa maji bila kuhisi kiu. Akiingia moja kwa moja kwenye bwawa la nyuzi 38, mishipa ya ngozi hufunguka, shinikizo la damu hushuka, na akisimama ghafla huona kizunguzungu. Lilitokea kwa abiria mmoja, kwa bahati akiwa karibu na ngazi. Kabla ya kuingia ilibidi kila mtu apewe nusu lita ya chai ya vuguvugu na kitu cha kula, aanze na bwawa la nyuzi 32 hadi 34 kwa dakika kumi, ndipo ahamie la moto, na asikae humo zaidi ya dakika 15 hadi 20 kwa mkupuo. Bia zilizogawiwa ndani ya basi zilikuwa kinyume kabisa cha hicho. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo au presha walistahili kuambiwa wamwone daktari kabla ya kulipia, si mlangoni.

Yapo mengine ambayo kampuni ya Kitanzania ilipaswa kuyajua kuliko yeyote. Katika mabwawa mengi ya Poland sehemu ya sauna huingiwa bila vazi la kuogelea, kwa taulo tu, wanaume na wanawake pamoja. Mlituuzia tiketi yenye sauna bila kulisema, na baba mmoja aliingia na binti zake wakalazimika kugeuka mlangoni kwa fedheha. Akina dada waliotaka kuvaa vazi la stara hawakuambiwa kwamba lazima liwe la kitambaa cha kuogelea. Dira na leso havikubaliwi. Nywele zilizosukwa hazikauki kwa mashine ya ukutani ndani ya dakika tano, na kutoka nje nazo zimelowa kwenye baridi ile ni mateso. Neno moja, "njooni na kofia ya kuogelea", lingetosha. Pia pete na mikufu ya fedha ivuliwe, maana salfa iliyomo katika baadhi ya maji hayo huifanya iwe nyeusi.

Ratiba inayowezekana ipo, na tunaiweka hapa kwa sababu mmetangaza ziara hiyohiyo kwa Februari. Basi liondoke Kraków saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maegesho ya Palenica yakiwa yamelipiwa mapema. Kundi lianze kutembea saa tatu, liwe ziwani saa tano na nusu, lipumzike dakika 45 ndani ya nyumba ya wageni kwa supu na chai, na lirudi chini saa nane na robo, jua likiwa bado juu. Saa tisa liwe Bukowina, likae saa tatu kamili, lirudi Kraków karibu saa mbili na robo usiku. Dereva apumzike Palenica akiwa huru, na mizigo ifungiwe. Kama mnang'ang'ania Chochołów kwa sababu ya mkataba wenu, acheni Morskie Oko na mpeleke watu bonde la Kościeliska: linaanzia Kiry, upande huohuo wa magharibi, ni karibu kilomita 6 za njia ya taratibu hadi nyumba ya wageni ya Ornak, na hukamilika kwa saa tatu na nusu kwenda na kurudi. Kiwango cha hatari kikifika 4, hata Kościeliska isiamuliwe Dar es Salaam. Aulizwe mwongozaji mwenye leseni ya Tatra asubuhi hiyohiyo.

Tunadai yafuatayo. Kila abiria arudishiwe nusu ya nauli ya ziara pamoja na bei yote ya tiketi ya bwawa. Aliyeteguka mkono alipwe gharama za matibabu kwa stakabadhi alizowatumia. Ziara ya Februari isimamishwe mpaka ratiba ibadilishwe na mwongozaji wa mlima apatikane, na wateja waliokwisha kulipa wapewe orodha ya vifaa na kanuni za bwawa kwa maandishi, kwa Kiswahili.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu kupokea barua hii. Baada ya hapo tutawasilisha shauri hili Tume ya Ushindani, tukiambatanisha tangazo lenu, tiketi na picha zenye saa.

Wenu,

Abiria wa ziara ya Januari
(majina, saini na namba za malipo yameambatanishwa)