Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuhesabu pia magoti yanayokunjika

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,

Yah: Kufuatilia matokeo ya upasuaji wa mifupa na viungo mwaka mmoja baada ya mgonjwa kuruhusiwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mtu anayempokea mgonjwa aliyevunjika mfupa wakati wengine wote wamekwisha kumaliza kazi yao. Daktari wa dharura ameshamtuliza, eksirei imeshapigwa, daktari bingwa ameshafungua, akaupanga mfupa, akakaza skurubu na kushona. Nyuzi zimetolewa na faili limerudi kabatini. Ndipo anapoingia kwangu na magongo mawili na swali moja ambalo sijapata kuliona likijibiwa katika taarifa yoyote ya mwaka ya wizara: je, nitatembea kama zamani?

Taarifa hizo hutaja idadi ya upasuaji uliofanyika, vyumba vya upasuaji vilivyofunguliwa na mashine zilizonunuliwa. Sizidharau takwimu hizo, kwa maana bila chumba wala mashine hata mimi sina kazi. Hata hivyo, zinatueleza tulichokifanya bila kutueleza kilichompata tuliyemfanyia. Ombi langu kwako ni kwamba kila anayepasuliwa kwa sababu ya mfupa uliovunjika au kiungo kilichoumia atafutwe baada ya mwaka mmoja, aulizwe na ikiwezekana apimwe, na majibu yake yaingizwe katika sajili moja ya taifa ambamo yatasomwa pamoja na ya wenzake.

Niruhusu nimweleze mgonjwa mmoja, fundi wa vigae, ambaye alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, pale unapolibeba goti. Picha yake nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha niliona kazi ya mikono hodari: sahani ya chuma imelala vizuri ubavuni mwa mfupa, skurubu zimepangwa chini ya uso wa kiungo kama boriti zinazobeba dari, na uso wenyewe uliokuwa umebonyea umenyanyuliwa ukawa sawa. Nikamlaza kitandani, nikaweka kipimo cha pembe, vile vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa kipini kimoja, nikamwomba akunje. Goti liligoma kwenye nyuzi 45. Nilipolisukuma kidogo alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, tukafika nyuzi 50. Kupanda ngazi kunataka takriban nyuzi 90, na kupiga magoti ili kulaza kigae kunataka zaidi ya 120. Nilimuuliza aliambiwa nini siku aliyoruhusiwa. Akajibu kwamba aliambiwa aupumzishe mguu, naye, kwa kuwa ni mtu mtiifu, aliupumzisha kwa wiki 11.

Katika kumbukumbu za hospitali iliyompasua, mtu huyu ni mafanikio. Mfupa umeunga, kidonda kimefunga, hakuna usaha. Hakuna safu katika daftari lao ambamo neno "goti halikunjiki" lingeweza kuandikwa, na kwa sababu hiyo daktari aliyempasua, ambaye naamini angesikitika sana, hajui mpaka leo.

Kosa hili linatokana na kusahau kwa nini chuma kinawekwa. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka ndani yake kiungo kinapotumika. Kiungo kilichofungwa kwa muda mrefu hukosa chakula hicho, na wakati huohuo makovu hushikamanisha vitu vilivyopaswa kuteleza. Ndiyo maana kikundi cha madaktari wa upasuaji kilichoundwa Uswisi mwaka 1958, akiwemo Maurice Müller na Martin Allgöwer, kilisisitiza kwamba mfupa ushikiliwe kwa uimara wa kutosha ili mgonjwa aanze mapema kuchezesha viungo vyake. Chuma kikiwekwa kisha mguu ukaachwa umelala, mgonjwa amebeba hatari zote za kisu na amekosa faida yake kubwa.

Kikundi hichohicho kilifanya jambo jingine ambalo ndilo hasa linaloniletea ujasiri wa kukuandikia. Wakati upasuaji wa namna ile ulipokuwa ukitiliwa shaka na wengi, wao waliamua kuandika habari za kila mgonjwa pamoja na picha zake na kuzikusanya Davos, wakimfuatilia hata baada ya kutoka hospitalini, ili waweze kusema kwa ushahidi nini kimefaulu na nini kimeharibika. Uswidi nayo ilianzisha sajili ya taifa ya magoti bandia mwaka 1975 na ya nyonga bandia mwaka 1979, na tangu hapo madaktari wake wanaweza kujua ni kiungo bandia gani kinadumu na kipi kinalegea mapema. Ninachokiomba, kwa hiyo, kina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaofanya kazi wodini leo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa nyonga za wazee. Mzee akianguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, hatari iliyo mbele yake ni kubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani: takriban mmoja kati ya wanne huwa amefariki kabla ya mwaka kwisha, na sababu mara nyingi ni nimonia, damu kuganda au moyo uliokwisha kuchoka, wala si mfupa wenyewe. Kila siku anayolala akisubiri zamu yake inampunguzia nguvu. Uingereza ilianzisha mwaka 2007 hifadhidata ya taifa ya wagonjwa hawa, na kuanzia mwaka 2010 hospitali za England zikawa zinalipwa nyongeza kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa kwa masharti yaliyowekwa, mojawapo likiwa kupasuliwa ndani ya saa 36 na jingine kuonwa na daktari wa wazee. Kati ya mwaka 2007 na 2011 waliopasuliwa mapema waliongezeka kutoka asilimia 54.5 hadi 71.3, na vifo ndani ya siku 30 vikashuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Sisemi kwamba daftari ndilo lililookoa watu. Waliookoa ni wauguzi, madaktari na wapangaji wa ratiba waliobadilisha mwenendo wao. Nasema tu kwamba walibadilika baada ya kuonyeshwa hesabu zao wenyewe.

Katika jambo hilihili, takwimu hutukinga pia dhidi ya kutaka yasiyowezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 2,970 katika nchi 17, ulilinganisha wazee waliolengwa kupasuliwa ndani ya saa 6 na wale waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, ambao kwa wastani ulichukua takriban saa 24. Vifo havikutofautiana, ingawa wale wa haraka waliopatwa na matatizo ya kuchanganyikiwa akili walikuwa wachache zaidi, na walisimama mapema. Kwa hiyo hatuhitaji kukuomba timu ya kukesha kila usiku katika kila hospitali. Tunahitaji uhakika kwamba mzee aliyeletwa Ijumaa hatasubiri mpaka Jumatano kwa kuwa hakuna aliyepanga orodha ya mwisho wa wiki.

Sajili hiyo, Mheshimiwa, itatueleza pia ni lini tusipasue, na hapa najua msomaji mwenye shaka atasema kwamba mtu wa mazoezi lazima asifu mazoezi. Basi na tuwaachie wenye kisu waliojipima wenyewe. Mwaka 2015 madaktari nchini Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 250 waliovunjika sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega, na mvunjiko kusogea. Nusu walipangiwa upasuaji na nusu kitambaa cha kutundikia mkono pamoja na mazoezi, na baada ya miaka miwili hali zao hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Mwaka mmoja kabla, kwa wagonjwa 461 waliovunjika kifundo cha mkono na kuhitaji upasuaji, sahani za chuma za gharama kubwa hazikuleta matokeo bora kuliko pini nyembamba za bei nafuu walipopimwa baada ya miezi 12. Nako Uswidi, katika utafiti wa mwaka 2010 juu ya vijana 121 waliokatika kano ya mbele ya goti, zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi peke yake hawakuhitaji upasuaji ndani ya miaka miwili, na wala hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema. Haya hayamaanishi kwamba upasuaji haufai, maana mfupa wa paja uliovunjika katikati kwa mtu mzima, au kiungo ambacho uso wake umeachana, ukiacha bila kupasua utamlemaza. Yanamaanisha kwamba uamuzi wa kupasua unastahili kutegemea matokeo yaliyopimwa kuliko uwepo wa chuma kipya kwenye stoo.

Kuhusu mivunjiko iliyo wazi, ile ambayo mfupa umetoboa ngozi, nitasema machache kwa sababu yanayotakiwa yanajulikana na mengi ni ya bei ndogo. Antibayotiki itolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, kidonda kisafishwe kwa uangalifu na nyama iliyokufa iondolewe, mfupa utulizwe, ngozi ifunikwe ndani ya siku chache. Hata maji ya kusafishia hayahitaji kuwa ya ajabu: utafiti wa mwaka 2015 wenye wagonjwa 2,447 ulionyesha kwamba maji ya chumvi ya hospitali, yakimiminwa kwa nguvu ndogo, yanatosha, na kwamba kuongeza sabuni kuliwaletea wagonjwa upasuaji wa marudio zaidi. Shida ni kwamba maambukizi ya mfupa hayana haraka. Mgonjwa huruhusiwa akiwa mkavu, na usaha huchungulia kwenye kovu mwezi wa nne au wa saba, wakati ambapo huenda akaenda hospitali nyingine kabisa na kuandikwa huko kama mgonjwa mpya. Hospitali ya kwanza itaendelea kuamini kwamba haina maambukizi.

Nimekwisha kusikia hoja kwamba ufuatiliaji wa namna hii ni anasa ya nchi tajiri. Naona hoja hiyo haina mashiko. Shirika la SIGN Fracture Care International, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa misumari ya ndani ya mfupa inayoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ya moja kwa moja chumbani, kwa hospitali zenye uwezo mdogo, na madaktari wanaoitumia huingiza kila upasuaji pamoja na picha katika hifadhidata ya mtandaoni. Ikiwa daktari asiye na mashine hiyo anaweza kutunza kumbukumbu, sioni kinachotuzuia sisi.

Hofu ya kweli zaidi ni ya wenzangu madaktari, nayo naiheshimu. Wanaogopa kwamba siku takwimu zitakapotoka, hospitali inayopokea majeruhi waliosagika itaonekana mbovu kuliko ile inayochagua vifundo vya miguu vya vijana wenye afya, na kwamba baadhi yao wataanza kukwepa wagonjwa wagumu ili kulinda majina yao. Hilo likitokea tutakuwa tumeharibu zaidi ya tulichojenga. Kwa hiyo sajili lazima iandike pia uzito wa jeraha, umri, uvutaji wa sigara (ambao huchelewesha mfupa kuunga) na magonjwa mengine. Na kwa miaka ya mwanzo matokeo yasomwe na hospitali zenyewe, bila majina ya madaktari kutangazwa.

Ugumu wa pili ni kumpata mgonjwa, maana simu hubadilika na watu huhama. Kwa uzoefu wangu, namba ya ndugu wa pili iliyoandikwa siku ya kwanza hufaa kuliko mfumo wowote wa kompyuta. Maswali hayahitaji kuwa mengi: unapata maumivu, unatembea bila kushikilia kitu, umerudi kwenye kazi yako, umefunguliwa tena, kovu limetoa maji au usaha? Mazungumzo hayo huchukua dakika tano.

Na wakati sajili ikitayarishwa, kuna jambo moja ambalo waraka wako wa ukurasa mmoja unaweza kulitimiza ndani ya wiki hii: kila karatasi ya ruhusa ya mgonjwa wa mfupa ieleze, kwa maneno na si kwa mkato wa herufi, aukanyagie mguu uzito kiasi gani, aanze lini kukunja kiungo, na siku gani aonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Fundi wangu wa vigae angepewa sentensi hizo tatu, asingelazimika kurudi chumba cha upasuaji kulazwa usingizi ili goti likunjwe kwa nguvu na makovu yaachie. Alifanyiwa hivyo mwezi wa tano. Leo amefika nyuzi 105. Ngazi anapanda, magoti hapigi. Anachanganya saruji na kukata vigae, na kijana aliyekuwa msaidizi wake ndiye anayevilaza.

Fomu ninayoitumia kuwafuatilia wagonjwa wangu ni ya ukurasa mmoja. Niko tayari kuileta ofisini kwako siku yoyote utakayopanga.

Wako mtiifu,

Mtaalamu wa fiziotherapia